Nani Ajuaye Uzito wa Mzigo?

Mtu afikaye Tabora leo kwa gari la moshi huiona miembe mikubwa yenye kivuli kizito, akapumzika chini yake pasipo kuuliza habari zake. Zamani za mababu zetu mji huu, katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha misafara. Hapa njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, na nyingine ilipanda kwenda Karagwe na Buganda. Wachukuzi mashuhuri wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alitwikwa kadiri ya frasila mbili, ndizo ratili 70, akaenda nazo miezi miwili au mitatu, pengine zaidi. Na kijana asiyepata kuiona pwani hakuhesabiwa bado kuwa mwanamume kamili.

Msafara ulipokaribia mji, bendera ilitangulia, baragumu zikapigwa, bunduki zikalia. Kirangozi alitembea mbele kwa maringo, amevaa joho lake jekundu, na wanawake wakapiga vigelegele. Waliosimama kando ya njia walimsifu aliyevaa vizuri na aliyeimba kwa sauti kuu. Lakini wapagazi wenyewe walikuwa na hesabu nyingine. Wao walijua ni nani aliyegawa maji yake katika Mgunda Mkali, pori lile la kiu lililo baina ya Ugogo na Unyamwezi. Walijua pia ni nani aliyejifanya mgonjwa siku ya kupanda mlima, na ni nani aliyeufungua mzigo usiku akapunguza ushanga. Basi mtu mmoja aliweza kuwa na sifa mbili: sifa ya njiani, wapewayo wapitao, na sifa ya kambini, ambayo hutolewa na wenzi tu.

Twauliza, ipi katika sifa hizi mbili ni ya kuaminiwa? Wengi watajibu upesi ya kuwa ni ile ya wenzi, maana wao wameuona mzigo kwa karibu. Lakini wenzi nao ni wanadamu. Wana husuda, tena huzoea njia moja hata wakamcheka aonaye nyingine. Wengine watajibu kwamba watu wengi hawawezi kukosa wote pamoja. Walakini sisi sote tumepata kuona watu wengi wakikosa pamoja, tena kwa furaha kubwa.

Wala swali hili si la wapagazi wa zamani peke yao. Mtoto anapougua usiku, tumfuate nani: yule asifiwaye katika kila kijiji, au yule anayekubaliwa na waganga wenziwe? Pengine jibu letu ni uzima au mauti. Ili tulipime vizuri, twataka kuwatazama Wafaransa wawili, watu wa elimu ya vijidudu viletavyo maradhi. Habari za wote wawili zahusiana na homa, na homa ndiyo iliyoijaza makaburi njia yetu ya misafara.

Burton na Speke walipofika Tabora mwezi wa Novemba 1857, walikuwa wamedhoofika kwa homa. Mwaka wa 1871 Stanley aliugua homa mara kwa mara akiwa Kwihara, karibu na Tabora, na Shaw, Mwingereza aliyefuatana naye, akafa papo hapo Kwihara. Mwaka wa 1878 mapadre wa kwanza wa shirika la Wamisionari wa Afrika walitoka Algeria, wakashuka Bagamoyo, wakaishika njia ile ile. Padre Pascal, mmoja wa wakuu wao, alikufa kwa homa kabla hawajafika Tabora. Na hao ndio ambao majina yao yaliandikwa. Wapagazi waliolala njiani wasiinuke tena, nani awezaye kuwahesabu?

Sababu ya homa hiyo haikujulikana. Wengi katika watu wetu walisema ni uchawi. Wazungu nao walisema ni hewa mbaya itokayo mabwawani, na jina lenyewe la malaria, kwa lugha ya Kiitalia, maana yake ni hewa mbaya. Ndivyo ilivyokuwa: wenyeji na wageni, wote walikufa kwa jambo moja, na wote walikosa katika kulieleza.

Mwaka huo huo wa 1878, mganga mmoja wa jeshi la Ufaransa, jina lake Alphonse Laveran, alipelekwa Algeria, nchi ile ile waliyotoka wale mapadre. Hakuwa mtu mashuhuri. Alikuwa akiwatibu askari wenye homa na kuitazama damu yao kwa hadubini, yaani kile chombo cha vioo kikuzacho vitu visivyoonekana kwa macho. Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya mji wa Constantine, alitazama tone la damu ya askari mmoja, akaona ndani yake viumbe vidogo vyenye nyuzi zilizochezacheza kama mijeledi. Vitu vilivyokufa havichezi hivyo. Akafahamu kwamba anaviona viumbe hai, navyo ndivyo viletavyo homa. Mwezi ule ule habari yake ikasomwa mbele ya baraza la waganga wakuu mjini Paris.

Wenziwe hawakumsadiki. Wala tusiseme kwamba walikuwa wajinga. Elimu yao yenyewe ndiyo iliyowazuia. Miaka ile Pasteur na Koch walikuwa wameanza kuonyesha kwamba maradhi mengi huletwa na bakteria, na mwaka wa 1879 wataalamu wawili, Klebs na Tommasi-Crudeli, walikuwa wametangaza kwamba wameiona bakteria ya malaria katika nchi za mabwawa karibu na Roma. Basi aliyesema kwamba kijidudu cha homa si bakteria, bali ni kiumbe cha namna nyingine kikaacho ndani ya damu yenyewe, alionekana kuwa mtu aliyeacha njia na kuingia porini. Marchiafava na Celli, mabingwa wa Roma, walisema kwamba vitu alivyoviona ni chembe za damu zilizoharibika tu.

Laveran alifanya nini? Hakwenda sokoni kuwashtaki wenziwe kwa watu. Mwaka wa 1882 alikwenda Roma, kwenye homa ya wale wale waliomkana, akaitazama damu ya wagonjwa wao, akakiona kiumbe kile kile. Tena alihesabu. Katika wagonjwa 192 aliowapima katika miaka ile, alikiona katika 148. Msomaji na asimame hapa kidogo. Mtu apendaye sifa angaliweza kuitaja ile 148 peke yake, nasi tungaliona ni hesabu kubwa ya kutosha. Laveran aliandika zote mbili. Aliyetaka kumpinga hakuhitaji kupekua siri. Wagonjwa 44 ambao kiumbe hakuonekana kwao walikuwa mbele ya macho yake. Laveran alitambua pia kwamba mgonjwa akipewa kwinini, viumbe vile hutoweka katika damu, na jambo hilo lilimsaidia kueleza kwa nini havionekani kila mara.

Mwaka wa 1884 Pasteur mwenyewe alialikwa kutazama katika hadubini ya Laveran, akaona, akasadiki. Osler, mganga mwenye jina kubwa huko Amerika, alitia shaka kwanza. Kisha akaipima mwenyewe damu ya wagonjwa wengi, akakubali. Na wale mabingwa wa Roma, Marchiafava na Celli, waliendelea kuchungua hata wakaacha neno lao la kwanza, na mwaka wa 1885 ndio waliokiita kiumbe kile kwa jina lake la kitaalamu linalotumika mpaka leo, yaani Plasmodium. Waliomkana mtoto ndio waliompa jina.

Walakini heshima ya wenzi haikumjia Laveran yote kwa pamoja. Wakubwa wake jeshini hawakumpa nafasi ya kuendelea na uchunguzi wake, hata akaliacha jeshi mwaka wa 1896, akaingia katika chuo cha Pasteur mjini Paris. Mwaka wa 1897 Ross alikiona kijidudu cha homa ndani ya mbu, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1902. Laveran, aliyekuwa wa kwanza kukiona kijidudu hicho, aliipata mwaka wa 1907. Akatoa nusu ya fedha zake kujenga maabara ya maradhi ya nchi za joto. Alikufa mwaka wa 1922. Leo kila nyumba yenye chandarua katika mkoa wetu yafaidi kazi iliyoanzia kwenye tone lile la damu, na katika nyumba mia pengine hamna hata moja ilijuayo jina lake.

Habari hii yatukumbusha mtume Tomaso. Mara nyingi tumemlaumu kwa shaka yake. Lakini tuangalie jinsi Bwana wetu alivyomtendea. Hakumfukuza, wala hakumwambia kwamba wengine kumi wamekwisha sadiki, na kwa hiyo anyamaze. Alimwonyesha majeraha, akamwalika aguse. Ni kweli kwamba aliwaita heri wale wasadikio pasipo kuona. Lakini hayo yalikuwa mambo ya imani, nayo yametoka kwa Mungu asiyedanganya. Mambo ya dawa, ya mbegu na ya hesabu yametoka kwa wanadamu, na mwanadamu asiyekubali kuguswa majeraha yake atutia mashaka.

Sasa tumwangalie Mfaransa wa pili. Didier Raoult alizaliwa Dakar mwaka wa 1952, akawa mtaalamu mkuu wa vijidudu katika mji wa Marseille. Yeye hakuanza kama Laveran. Heshima yake kwa wenziwe ilikuwa kubwa tangu zamani: mwaka wa 2003 yeye na wenzake walitangaza habari ya kirusi cha ajabu kwa ukubwa wake, na mwaka wa 2010 alipewa tuzo kuu ya Inserm, shirika la Ufaransa la uchunguzi wa afya. Tukimhesabu kwa sifa ya kambini, alikuwa mpagazi wa mbele.

Mwaka wa 2020 ukaja ugonjwa wa Korona. Raoult akatangaza kwamba dawa iitwayo haidroksiklorokwini yafaa kuutibu. Dawa hiyo ni ndugu ya klorokwini, ile dawa chungu ambayo wazee wetu wanaikumbuka vizuri, maana waliimeza kwa homa miaka mingi, mpaka Tanzania ilipoacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 2001, kwa kuwa vijidudu vilikuwa vimekwisha kuizoea. Watu waliokuwa na hofu walifurahi sana. Walisimama mistari nje ya hospitali yake. Mwezi wa Aprili Rais wa Ufaransa mwenyewe alimwendea Marseille. Katika nchi ile kuna mafundi wafanyao sanamu ndogo za kupamba pango la Noeli. Nao wakafanya sanamu ya Raoult. Sifa ya njiani ikawa kubwa kama ilivyokuwa ya kambini, na zaidi.

Lakini wenziwe waliposoma makala yake ya Machi 2020 walisimama kwenye hesabu. Wagonjwa 26 walikuwa wametiwa katika kundi la kupewa dawa, na waliohesabiwa mwisho walikuwa 20. Wale sita walikwenda wapi? Makala yenyewe ilisema: watatu walipelekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, mmoja alikufa, mmoja aliacha dawa kwa kichefuchefu, mmoja alitoka hospitali. Basi habari zao zilitajwa, lakini katika kupima kama dawa yafaa, hawakutiwa kwenye mzani.

Uingereza wakafanya jaribio kubwa. Walitwaa wagonjwa zaidi ya 4,700, wakawagawa kwa kura, wengine wapewe dawa hiyo na wengine wasipewe, hata isiwezekane mganga kuwachagua wenye nguvu kwa upande aupendao. Mwezi wa Juni 2020 majibu yakatangazwa. Waliopewa dawa walikufa kadiri ya 27 katika kila 100. Wasiopewa walikufa kadiri ya 25. Dawa haikuwaokoa. Mwezi wa Desemba 2024 gazeti la wataalamu lililokuwa limeipiga chapa makala ya kwanza liliiondoa, ingawa Raoult na baadhi ya wenzake hawakukubali.

Hapa yupo msomaji atakayesema: "Laveran naye alikataliwa na wenziwe! Labda na huyu wamemwonea." Neno hili ni zito, tena lina mtego. Ni kweli kwamba mwenye haki mara nyingi hutiwa shaka. Lakini haifuati kwamba kila atiwaye shaka ana haki. Mtu akikataliwa mlangoni aweza kuwa mgeni mwema, na aweza kuwa mwizi. Kule kukataliwa hakutuambii ni yupi. Laveran na Raoult wote wawili walitiwa shaka na wenziwe. Wanatofautiana katika mzigo. Wa kwanza aliwaweka wale 44 pamoja na wale 148, akawaambia wenziwe wahesabu. Wa pili aliwaweka wale sita kando ya mzani. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Na hesabu iliyopunguzwa huumbuliwa vivyo hivyo, na wanaolipa ni wagonjwa.

Hatusemi haya kumhukumu moyo wake. Moyo wa mtu aujua Mungu, na katika siku za hofu mganga aweza kuona tumaini mahali lisipokuwapo kwa sababu tu ya kulitamani mno. Twasema haya kwa ajili yetu sisi. Maana vigelegele vya watu wengi ni mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Mtu aliyekwisha sifiwa na mji mzima, kurudi nyuma na kusema, "Nilikosa," humgharimu kuliko yule asiyejulikana. Labda ndiyo maana Bwana wetu aliwaonya wale wanaosifiwa na watu wote.

Wala hatusemi kwamba sifa ya watu wa kawaida ni bure sikuzote. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alikaa mganga Adriano Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akafundishwa uganga Malta. Alikuja pande zetu mwaka wa 1888, akawatibu watu wa Karema hata alipokufa mwaka wa 1956. Watu waliompenda hawakuwa wapita njia. Walimwona miaka zaidi ya 60. Waliwajua aliowaponya na waliwazika alioshindwa kuwaponya, na hesabu yote mbili ilikuwa mbele yao. Watu wa namna hii, hata kama hawakusoma, ni wenzi wa kambini. Mtu hawi shahidi wa kweli kwa cheti peke yake. Huwa shahidi kwa kuuona mzigo mzima, kwa karibu, tena kwa muda mrefu.

Basi tulijibu swali letu. Sifa ya wengi si mzani, wala sifa ya wenye elimu si mzani. Zote mbili ni sauti tu zilizo kando ya mzani. Ziko sauti zenye kustahili kusikilizwa kuliko nyingine, na sisi twawasikiliza wenzi kwanza, kwa kuwa wamefunzwa kutazama mahali tusipojua kutazama. Lakini hata wao twawasikiliza kwa sharti moja, kwamba wawe wamekuja na kutazama. Wale wa Roma walikosa walipokana. Hawakupotea, kwa sababu hawakuacha kutazama. Mtaalamu akataaye kabla ya kuinama kwenye hadubini hana ubora kuliko mpiga vigelegele.

Na katika vijiji vyetu, atakapokuja mtu na dawa mpya, au na mbegu mpya, au na fundisho jipya, tusimwulize kwanza ni wangapi wanaompenda. Tumwulize: "Wale ambao dawa yako haikuwafaa wako wapi?" Akituonyesha, tumkaribishe, hata kama ni wachache wamjuao. Akikasirika, tufunge mkoba wetu.

Nasi pia tujiulize vivyo hivyo, hasa sisi walimu. Mwalimu humtaja kwa furaha mwanafunzi wake aliyefaulu. Wale walioacha shule huwataja mara chache. Mzee wa kanisa huwahesabu waliobatizwa, akawasahau waliokwisha kuacha kuja. Mwenzetu akitutia shaka, tusimwite adui. Labda ameuona mfuko tuliouacha kando.

Msafara ulipofika mwisho wa safari, mizigo ilitelemshwa na pembe zikapimwa mbele ya mwenyewe na mbele ya wapagazi wote. Wakati huo baragumu hazikuwa na kazi tena. Kirangozi mwenye joho na kijana aliyetembea mkiani, kila mmoja aliuweka mzigo wake, akasimama kando, akangoja.